Mafundi, acheni kuzungusha potenshiometa ya leza ya Dreamcast bila kupima chochote

Wakuu, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Nilimkabidhi fundi Dreamcast yangu, konsoli ya michezo ya video ya Sega, ikiwa na tatizo moja tu: katikati ya mchezo ilikuwa ikijiwasha upya yenyewe na kurudi kwenye menyu ya mwanzo. Diski zote zilikuwa zikisomeka. Nilirudishiwa mashine ambayo bado ilijiwasha upya vilevile, ikasoma kwa muda mfupi, ikaanza kuchagua diski, na sasa haisomi hata moja. Jibu nililopewa ni kwamba leza inayosoma diski ilikuwa imechoka tangu awali na kwamba mashine yenyewe ni ya zamani. Jibu hilo silikubali.

Kila aliyewahi kumiliki Dreamcast kwa muda mrefu anaujua ugonjwa wa kujiwasha upya. Bodi ya umeme ya mashine hii haikuunganishwa na bodi kuu kwa waya, bali imekaa juu ya pini zinazosimama kutoka bodi kuu. Kadiri miaka inavyopita pini hizo huota uchafu na kulegea, na mota ya diski inapoanza kuzunguka kwa kasi na kuhitaji umeme mwingi zaidi, volti hushuka na mashine hujiwasha upya. Dawa yake ni kuchomoa plagi, kusubiri kapasita, zinazohifadhi umeme, ziishiwe nao kwa sababu bodi ile hubeba umeme wa ukutani, kuinua bodi, kisha kusugua pini kwa alkoholi hadi zing'ae. Niliifanya kazi hiyo mwenyewe baada ya kurudishiwa mashine, wakati ambapo leza ilikuwa bado inasoma baadhi ya diski, na tatizo likakoma siku hiyohiyo. Pini zilikuwa nyeusi. Hakuna mkono uliokuwa umezigusa.

Nilichokikuta kwenye kiendeshi cha diski ndicho kilichonifanya niandike. Kichwa cha potenshiometa, yaani kijenzi kidogo cha kuzungusha kinachobadilisha ukinzani wa umeme, kilicho pembeni ya leza, kilikuwa na mkwaruzo mpya wa bisibisi, na hapakuwa na alama yoyote ya kalamu kuonyesha kilikuwa kimeelekea wapi hapo awali. Wakati huohuo, grisi kwenye reli ambayo leza huteleza juu yake ilikuwa ileile ya kale, ya kahawia na ngumu, na lenzi ilikuwa na utando wa vumbi. Maana yake ni kwamba fundi aliruka kazi zote za kawaida, akaenda moja kwa moja kwenye kitu pekee ndani ya kiendeshi ambacho ukikiharibu hukirudishi.

Potenshiometa ile huamua leza ipewe nguvu kiasi gani, na kiwandani iliwekwa kwa kufuata leza iliyo mbele yake, kwa hiyo hakuna namba moja inayofaa mashine zote. Ukipunguza ukinzani, mkondo unaongezeka, mwanga unakuwa mkali na diski iliyokuwa ikikataa inasomeka. Mteja anafurahi, anaondoka. Lakini diodi ya leza ina mpaka wake wa mkondo, na ukiuvuka inapata joto na kuchakaa upesi, mwanga unafifia, na safari hii hakuna pa kuongeza. Video nyingi za mafunzo huionyesha hatua hii kama ndiyo ya kwanza, na zinaishia pale mchezo unapofunguka kwenye skrini. Hazirudi baadaye kutuonyesha mashine ileile ikiwa imekufa.

Kuhusu majaribio, nimeelezwa kwamba mashine ilijaribiwa na ikafaulu. Ilijaribiwa kwa CD ya muziki! Geuza diski halisi ya Dreamcast uitazame upande wa chini: utaona pete inayotenganisha eneo dogo la ndani na eneo kubwa la nje. Eneo la ndani ni CD ya kawaida. Mchezo wenyewe uko nje ya pete hiyo, ambako data imebanwa zaidi ili diski ifikie takriban gigabaiti 1, na kiendeshi huizungusha kwa kasi kubwa kuliko ile ya muziki. Leza dhaifu inaweza kucheza muziki bila taabu na ikashindwa kabisa kufungua mchezo, kwa hiyo jaribio la namna hiyo halimthibitishii mteja chochote.

Najua wapo watakaosema kwamba leza nyingine hushindwa kweli, na kwamba kuna mashine ambazo marekebisho madogo ya potenshiometa yamezisaidia. Sikatai. Ninachokataa ni kuanza nayo. Safisha lenzi, ondoa grisi iliyoganda na upake mpya, kagua kebo bapa, safisha pini za umeme, kisha ujaribu kwa diski halisi ambayo haina mikwaruzo. Yakishindikana yote hayo, umeme ukiwa umezimwa, pima ukinzani kwa multimeta, andika namba hiyo, weka alama, na umwombe mwenye mali ruhusa kabla ya kusogeza hata nywele moja.

Sega iliacha kutengeneza konsoli hii mwaka 2001. Leza nyingi za kubadilishia zinatolewa kwenye mashine nyingine, kwa hiyo kila moja inayounguzwa inapunguza akiba ambayo haiongezeki. Nimependekezewa pia kufunga GDEMU mahali pa kiendeshi cha diski ili michezo isomwe kutoka kadi ya SD. Ni kifaa kizuri kwa anayekitaka, lakini mimi nilipeleka mashine inayosoma diski, na diski zangu bado ninazo.

Kwa mafundi mliomo humu, naomba majibu ya wazi. Je, mnampa mteja namba ya ukinzani mliyoikuta na ile mliyoiacha? Na fundi akirudisha kiendeshi kikiwa kimeunguzwa kwa ugonjwa ambao haukuwa wa kiendeshi, nani anagharimia leza mpya?