Wanaosoma udaktari, patholojia mlifundishwaje mpaka ikawaingia?

msoma_usiku
Habari za usiku wakuu. Niko MD mwaka wa tatu, chuo sitakitaja. Mwaka jana tumemaliza patholojia, lile somo la magonjwa yanavyobadilisha viungo na seli, na nilifaulu vizuri tu, B plus, sikula sapu, ila wiki iliyopita limenikuta jambo linaninyima raha mpaka leo. Tuko rotesheni ya upasuaji, mama mmoja katolewa titi lote, daktari bingwa akalipasua pale pale kabla halijatiwa kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, ili dawa ipenye mpaka ndani, halafu akanipa kisu akasema kata hapa, usikie. Nikakata. Kisu kikawa kinakwaruza kabisa kama unakata pera bichi lenye mbegu, uvimbe mgumu, mweupe wa kijivu, umejichimbia kwenye mafuta yanayouzunguka kama mizizi. Akaniuliza, unaona nini? Wakuu nilinyamaza. Na kwenye mtihani nilijaza kurasa mbili kuhusu hiyo hiyo kansa ya titi, aina zake, gredi, vipokezi vya estrojeni, vyote. Maneno ninayo kichwani, kitu ninacho mkononi, na havikujuana.

Sisi tulivyofundishwa ni hivi, lekchara anaingia na slaidi 120 za projekta kwa masaa mawili, darasa watu zaidi ya 200, waliokaa nyuma wanapiga picha kwa simu, jioni madesa yanazunguka kwenye grupu la wasapu na ndiyo hayo tunakariri. Praktiko darubini moja watu kumi, unainama unaona pinki na zambarau, aliye nyuma yako anakugusa bega, unatoka. Vile viungo vya kwenye mitungi ya makumbusho fomalini imeshakuwa rangi ya chai na lebo zimefutika.

Nauliza kwa nia ya kujifunza, kwenu ilikuwaje, na nini kilifanya ikaingia? Maana naona miaka miwili mbele niko intani, daktari wa mazoezi, na majibu ya bayopsi, vile vipande vya nyama vinavyokatwa kupimwa, yanakuja mezani kwangu.

Intani_Ziwa
Pole mdogo wangu, ila ushukuru limekukuta mwaka wa tatu. Mimi limenikuta nikiwa na koti la intani.

Nilikariri kwamba kansa ya kibofu nyingi ni zile za utando wa kawaida wa njia ya mkojo, na aina ya skwamasi, yenye seli bapa kama za ngozi, ni chache sana, nikaandika hivyo nikapata. Nimefika huku Kanda ya Ziwa, anakuja mzee mkulima wa mpunga, anakojoa damu, anasema hii damu naijua tangu mtoto, sisi wote tulikuwa tunakojoa hivi tukioga mtoni. Majibu ya bayopsi yakarudi skwamasi. Nikashangaa, rejistra, daktari aliye juu yangu, akaniangalia akasema unashangaa nini, hapa si ndiyo kwenye kichocho. Mayai ya kichocho yanakaa ukutani mwa kibofu miaka na miaka, utando unachubuka na kujirudishia, mwishowe unabadilika unakuwa kama wa ngozi, na kansa inaanzia hapo. Tangu 1994 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameshaiweka kichocho cha mkojo kwenye kundi la visababishi vya uhakika kabisa. Mimi kichocho nilisomea kwenye parasitolojia, metaplasia, huko utando kubadilika aina, kwenye patholojia ya jumla, kansa ya kibofu kwenye patholojia ya viungo, lekchara watatu tofauti, mihula tofauti, na hakuna aliyewahi kuziunganisha. Yule mzee ndiye aliyeniunganishia.

Kwa hiyo jibu langu, kila ugonjwa ukiusoma jiulize hapa kwetu unakuja na mtu gani. Vile vitabu vinene vimeandikwa kwa wagonjwa wa Marekani, ni vizuri, nimevisoma, ila asilimia za mle siyo za wodi yangu.

Binti_Unguja
Umesema pera bichi nimekumbuka kitu. Hivi mmeshagundua patholojia yote imejaa vyakula na vyakula vyenyewe vya watu wengine? Nekrosisi ya TB, yaani nyama iliyokufa, wanasema kama jibini, darasani kwetu waliowahi kuikata jibini ya aina hiyo sijui kama walifika watatu. Usaha wa jipu la ini la amiba wanasema kama mchuzi wa dagaa fulani wa Ulaya. Sasa mtu unafananisha usichokijua na usichokijua, utabakiwa na nini?

Ila ini la mtu ambaye moyo wake upande wa kulia umechoka wanaliita ini la kungumanga, hapo mimi mtoto wa Unguja nilikaa sawa. Nilienda nyumbani nikachukua kungumanga jikoni kwa bibi nikalikata katikati, michirizi ya kahawia iliyokoza inazunguka kwenye weupe, nikafungua picha ya ini kwenye simu nikaviweka pamoja. Damu imerudi nyuma imejaa kwenye vena za katikati ya kila kijisehemu cha ini, ndiyo pale pamekoza, na pembeni pamebaki pamefifia. Sijawahi kulisahau na sidhani kama nitalisahau. Baada ya hapo nikaanza kujitengenezea vyangu, ule usaha wa amiba nikauita rojo la ukwaju, na ile ya TB nikaiita kiini cha yai lililochemka kupita kiasi ukakifikicha. Kwenye mtihani naandika jina lao, kichwani nabaki na langu. Natamani walimu wenyewe wangefanya hivyo, wala haihitaji bajeti.

Rezidenti_Patho
Nimesoma yote, na nimesoma kwa uchungu kidogo kwa sababu mimi ndiye mnayemlalamikia, niko rezidenti wa patholojia, daktari anayesomea ubingwa, na praktiko za mwaka wa pili nasimamia mimi. Nawaombeni muone na upande huu. Asubuhi nakata sampuli za jana, mchana nasoma vioo vya darubini, katikati polisi wanaleta maiti inayotakiwa kuchunguzwa, saa nane nina wanafunzi 200. Slaidi 120 siyo kwamba tunapenda. Na maneno msiyadharau, asiyejua neno hata akionyeshwa kitu hataweza kumwambia mwenzake amekiona nini.

Lakini msoma_usiku ana haki, mpangilio umegeuzwa. Tunaanza na jina, halafu tabia zake, halafu picha kama muda upo. Wenyewe waliotutangulia hawakuanza hivyo. Chukueni limfoma ya Burkitt, kansa ya seli za kinga ya mwili, imegunduliwa hapa hapa jirani, Kampala. 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji pale Mulago, alionyeshwa mtoto taya zimevimba pande zote mbili, juu na chini, haikumwingia akilini uvimbe wa kansa ukatokea sehemu nne kwa pamoja. Baadaye akaona mwingine, akapekua mafaili, akaona watoto hao hao wenye taya wana uvimbe na tumboni. Kabla ya hapo uvimbe wa taya uliandikwa jina lake, wa figo lake, wa ovari lake. Akaandika makala 1958, wenzake wa patholojia wakaonyesha ni ugonjwa mmoja, na 1964 Epstein na wenzake wakapata kirusi ndani ya seli zake. Sasa mimi nikifundisha naanza na tarehe na kirusi na ile picha ya anga yenye nyota, ndani ya dakika kumi, na yule mtoto simtaji kabisa. Nimeanza kujisahihisha. Muhula huu naweka kioo kimoja tu kwenye skrini bila jina, nanyamaza, nawaambia nielezeni mnachokiona kwa Kiswahili cha kawaida. Mmoja akasema naona seli nyeusi nyingi zimebanana na matundu meupe meupe kama usiku kijijini. Basi huyo kashaiona, jina nikampa mwisho.

FundiKioo
Mimi siyo daktari, ni mteknolojia wa maabara ya histolojia, tunaoandaa nyama itazamwe kwa darubini, mwaka wa 14 huu nakata vioo. Nasema hivi, madaktari wengi wanaotutumia sampuli hawajawahi kuingia maabara hata siku moja na inaonekana kwenye sampuli wanazoleta. Ndugu wa mgonjwa anakuja ameshika chupa ya maji ya kunywa, shingo nyembamba, ndani wamesindilia kizazi kizima, fomalini imefika nusu. Fomalini inatakiwa mara kumi ya sampuli jamani. Wengine wanatia maji ya chumvi. Ikifika kwangu katikati imeshaoza, hata apatikane bingwa gani hapo hakuna cha kusoma, na mgonjwa kashapasuliwa, kizazi hana na jibu hana.

Mwanafunzi akikaa kwangu siku mbili tu ataona nyama inakaa kwenye fomalini mpaka kesho, inapita kwenye spiriti za nguvu tofauti, zailini, inalowekwa nta, inakatwa nyembamba maikroni 3 au 4, utepe unaelea kwenye maji ya uvuguvugu naudaka na kioo kama unavyodaka utando wa maziwa, halafu ndiyo inapakwa rangi. Ile zambarau ni viini vya seli, pinki ni vingine vilivyobaki. Ukishaiona hiyo safari hutauliza tena kwa nini majibu yanachelewa na hutaleta chupa ya maji.

Kamba_Med
Mambo wasee, kutoka Kenya huku. Kwetu tulipelekwa mochwari kushuhudia upasuaji wa maiti na kila grupu ilikuwa lazima iandike ripoti. Mara ya kwanza sikula siku nzima. Lakini daktari alichukua pafu akanipatia mkononi, zito kama sifongo imelowa maji, akafinya na povu ikatoka, akasema sasa rudi usome edema ya mapafu, yaani mapafu kujaa maji. Nilisoma kurasa nne nikiwa bado naisikia kwa vidole. Shida ni moja, hizo nafasi zinapungua, familia nyingi hazitaki na sijui utawalaumu aje. Nilikuwa na nyanya yangu, yaani bibi, pale mochwari mwaka jana na mimi mwenyewe nilikataa.

msoma_usiku
Asanteni sana, nimeyanakili yote kwenye daftari. Intani_Ziwa shikamoo, hiyo ya mzee wa mpunga imenigusa. FundiKioo, jana nimeenda maabara ya hospitali tunakofanyia rotesheni nikaomba, mkuu wa kitengo akaniambia njoo Alhamisi saa moja kamili na koti lako. Nimemuuliza kama lile titi limeshapita, akaangalia kwenye rejista, akasema bado liko kwenye nta, litakatwa Alhamisi hiyo hiyo.