Asilimia 35 inanipotosha wapi katika hesabu ya poka?

Swali

Ndugu zangu, salaam. Ninajifunza poka ya Texas, ile ya karata mbili mkononi na tano za wote mezani, na kuna hesabu ambayo naiona sawa kwenye karatasi lakini mchezoni inaniumiza. Juzi nilishika kopa ya 9 na kopa ya 10, mezani zikafunuliwa kopa ya 2, kopa ya 5 na shupaza ya ree, kwa hiyo nilihitaji kopa moja tu ili zitimie tano. Fungu lilikuwa na sarafu 100, mpinzani akaweka 50, nami nikatakiwa kulipa 50 ili nigombee jumla ya 200, yaani asilimia 25. Kwa kuwa uwezekano wa kopa kutokea katika karata mbili zilizobaki ni karibu asilimia 35, nililipa bila wasiwasi. Karata ya nne haikuwa kopa, mpinzani akaweka dau kubwa zaidi, nikalazimika kuacha. Limenitokea hili mara nyingi mno. Kosa liko wapi? Halafu, tulikuwa sita: je, karata 10 walizoshika wenzangu hazitakiwi kuondolewa kwenye hesabu?

Jibu la kwanza

Asilimia 35 ni sahihi, ila si bei ya kile ulichokuwa unanunua. Umeona karata 5, zimebaki 47, na kopa ni 9. Uwezekano wa kukosa mara mbili mfululizo ni 38/47 mara 37/46, yaani takriban asilimia 65, na salio ndiyo 35 yako. Lakini zile sarafu 50 zilikununulia karata moja tu, ya nne, na uwezekano wa kopa hapo ni 9/47, asilimia 19 na kidogo. Ya tano ulitakiwa kuilipia upya, na wewe mwenyewe unasema kwamba bei ilipopanda uliacha. Ukilipa 50 namna hiyo, na usipopata chochote zaidi baadaye, unapoteza kwa wastani karibu sarafu 12 kila mara.

Asilimia 35 inafaa pale mpinzani anapoweka sarafu zake zote, maana hapo hakuna dau jingine na utaziona karata zote mbili. Kama angesukuma 80 za mwisho juu ya fungu lile la 100, ungelipa 80 kugombea 260, takriban asilimia 31, na kulipa kungekuwa na faida.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu zile karata 10, kwa sababu swali hilo huwasumbua wengi na linastahili jibu kamili. Ukitaka kuzitoa, zitoe pande zote mbili. Kati ya kopa 9 usizoziona, kwa wastani 9 × 10/47 ziko mikononi mwa wenzako, kama 1.9 hivi, na zinazobaki kwenye rundo ni takriban 7.1 kati ya karata 37. Gawanya, utarudi kwenye asilimia ile ile ya 19. Karata usiyoiona haijali kama iko mkononi mwa jirani au chini ya rundo. Kinachoweza kubadilisha hesabu ni taarifa, mfano namna mtu anavyoweka dau, wala si idadi ya wachezaji.

Kuhusu faida ya baadaye: ili 50 ilipe kwa nafasi ya 9 dhidi ya 38, unahitaji kushinda takriban 211. Mezani palikuwa na 150 za kushinda. Je, kopa ikitokea, mpinzani atakupa 61 nyingine kwa wastani? Kopa tatu zikiwa wazi mbele yake, wengi hushika breki.

Jibu la tatu

Mimi ningeuliza kwanza kama kopa zote 9 ni zako kweli. Tazama kopa ya ree. Ikitua mezani, unatimiza kopa tano, lakini mezani sasa pana ree mbili. Aliyeshika jozi ya 5, au ree na 5, tayari ana karata tatu za namba moja pamoja na jozi, naye amekushinda. Dhidi ya mtu huyo zimebaki 8. Na kama mtu ameshika kopa mbili zenye moja iliyo juu ya 10 yako, kila kopa unayoisubiri inamfaa yeye kuliko wewe.

Muulizaji

Asanteni sana. Nimerudia hesabu kwa kopa 8: 39 × 50/8 ni karibu 244, kwa hiyo pengo si 61 tena bali 94. Na mpinzani wa juzi alikuwa amebakiwa na sarafu 90, hata angenipa zote zisingetosha.