Tangu niweke kambale, vyura wamenyamaza

Mama Kihamba: Wakuu habari za jioni. Niko Kibosho. Mwaka juzi tulichimba bwawa chini ya migomba, maji tunaingiza kutoka mfongo (mfereji wetu wa asili). Vyura wakaja wenyewe, masika usiku kelele mpaka mama mkwe anajifunga kanga masikioni. Mwezi wa pili nikaweka vifaranga wa kambale 200. Masika hii nimeona ute wa mayai mara tatu, lakini viluwiluwi (wa chura, si wale wa mbu) sijamwona hata mmoja. Vyura wakubwa wamebaki wawili watatu. Ni kambale, au dawa ya kahawa inashuka na mfongo?

Mzee wa Njiro: Vyura wamenyamaza na bado unalalamika? Niuzie hao kambale.

Fundi Bwawa: Dawa siifuti, ila mayai yakionekana na viluwiluwi wasionekane, kuna mdomo humo ndani. Kambale anawinda usiku kwa sharubu, hata maji yawe tope. Perege naye asikudanganye, mayai anadokoa.

Kule Sierra Nevada, California, maziwa mengi ya milimani hayakuwa na samaki. Watu wakapandikiza trauti wa kuvua, baadaye hata kwa kuwamwaga kutoka kwenye ndege. Vyura wa huko, wale wa miguu ya njano, viluwiluwi wao hukaa majini miaka miwili hadi minne kwa sababu ya baridi, kwa hiyo hawawezi kukimbilia dimbwi linalokauka. Wakaliwa. Miaka ya 1990 watafiti walianza kutoa samaki kwa nyavu kwenye baadhi ya maziwa ya hifadhi ya Kings Canyon, na vyura wakarudi ndani ya miaka michache.

Wa kwetu wengi wanamaliza kukua kwa wiki au miezi tu. Chimba kidimbwi cha kina kifupi pembeni, kisiungane na bwawa, kiangazi kikauke. Kisiwe karibu sana: nyasi zikilowa, kambale anatambaa. Weka na wavu kwenye tundu la kutolea maji wasishuke mtoni. Na mtu asikushauri samaki gambusia kwa ajili ya mbu, huyo anang'ata viluwiluwi mikia.

Hao wawili watatu waliobaki, ngozi yao ikoje?

Mama Kihamba: Vipele vitupu.

Fundi Bwawa: Basi ndiyo maana wamebaki. Viluwiluwi wao weusi wana sumu, samaki wengi huwatema.

Mama Kihamba: Asante mkuu. Kidimbwi tunachimba Jumamosi. Mama mkwe kakubali, sharti kiwe upande wa jikoni, mbali na dirisha lake.