Nafuu ya kodi ya kaboni kwa wakulima wa Kanada: tunaweza kuiombea Pemba?

Kamati_Wete

Assalaam alaykum. Jumuiya yetu ya wakulima inaandaa maoni ya kumpelekea mwakilishi kabla bajeti haijasomwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi. Kuna hoja kwamba Kanada ilitoza kodi ya kaboni (tozo ya hewa chafu inayotoka mafuta yakichomwa) kwenye mafuta, kisha ikawarudishia wakulima pesa kupitia sheria ya matumizi ya serikali, na sisi tuombe vivyo hivyo. Wanaoijua sheria ile watueleze: pesa zilirudi kwa kipimo gani, na wapi palikwama? Wakulima wetu wengi ni wa mpunga unaolimwa kwa pawatila (trekta dogo la mkono) na wa mikarafuu.

Hesabu_Mkoani

Wa alaykum salaam. Tenganisheni msamaha na marejesho, maana hapo ndipo watu huchanganya.

Msamaha ulikuwepo tangu tozo ya mafuta, yaani hiyo kodi ya kaboni, ilipoanza tarehe 1 Aprili 2019. Petroli na dizeli za mashine za shamba hazikutozwa: mkulima alimpa muuzaji cheti, naye hakukata tozo. Mafuta yalilazimika kufikishwa shambani au kuchukuliwa kwenye pampu maalumu inayofunguliwa kwa kadi. Gari ya kutembelea haikuwamo, wala kifaa cha kupasha joto jengo. Kilichobaki nje ya msamaha ni gesi asilia na propani (gesi ya mitungi), ambazo ndizo zinazokausha nafaka na kupasha joto mabanda ya mifugo. Vitalu nyumba vilipewa nafuu ya asilimia 80, mwenye kukausha mahindi hakupewa kitu.

Marejesho yalikuja na Mswada C-8, uliopata idhini ya kuwa sheria tarehe 9 Juni 2022. Ulikuwa mswada wa mambo mengi: dola milioni 100 za Kanada za kuboresha hewa katika skuli, hadi dola bilioni 1.72 za vipimo vya haraka vya korona, kodi ya nyumba zilizokaa bure, na ndani yake kifungu cha wakulima. Mwenye gharama za kilimo za dola 25,000 au zaidi alijaza fomu T2043 pamoja na ritani yake (taarifa ya kodi ya mwaka). Kwa kila dola 1,000 za gharama alipata dola 1.47 kwa mwaka 2021 na dola 1.73 kwa mwaka 2022, na alilipwa hata kama hakudaiwa kodi. Gharama za kununuliana na jamaa au kampuni yake mwenyewe hazikuhesabiwa. Majimbo ya British Columbia na Quebec hayakuwamo kwa sababu yalikuwa na mifumo yao.

Palipokwama mwanzoni ni tarehe. Mswada uliletwa Disemba 2021, msimu wa ritani ukafika haujapita, na ritani zenye dai hilo zikazuiliwa mpaka Juni. Mkiomba chochote, hakikisheni kinaanza kutumika baada ya sheria kupita, si kabla.

Mizani_Ole

Niongeze upande wa shamba, maana kipimo hicho cha gharama ndicho kilicholeta ugomvi.

Mahindi yakivunwa na unyevu wa asilimia 25 hayawekeki ghalani, lazima yashushwe mpaka kama 15. Mashine huwasha moto wa gesi, feni ikasukuma hewa ya moto kati ya punje. Kwa makadirio, kushusha asilimia moja ya unyevu katika tani moja hula lita 3 za propani. Tani 1,000 kwa asilimia 10 ni lita 30,000. Mwaka 2022, bei ya kaboni ilipofika dola 50 kwa tani ya hewa chafu, propani ilitozwa senti 7.74 kwa lita. Jumla: dola 2,322.

Mkulima huyo akiwa na gharama za dola 400,000, marejesho yake ni dola 692. Jirani yake mwenye gharama kama hizo, ambaye mazao yake hukaukia shambani na hachomi hata lita moja, naye anapata 692 zilezile. Imekusudiwa hivyo: ukimrudishia mtu kwa lita alizochoma, hana tena sababu ya kupunguza. Hoja hiyo naielewa, lakini mvua ikinyesha wakati wa mavuno hakuna cha kupunguza. Ama ukaushe, ama mahindi yaoze.

Ndipo mbunge Ben Lobb akaleta Mswada C-234 wa kusamehe gesi yenyewe. Bunge la chini liliupitisha Machi 2023, Seneti ikaondoa mabanda ya mifugo Disemba 2023, ukarudishwa Bunge la chini, na haukuwahi kuwa sheria. Tangu 1 Aprili 2025 tozo ya mafuta Kanada ni sifuri.

Kamati_Wete

Ahsanteni sana. Basi kwetu tuombe msamaha wa pampuni au marejesho?

Hesabu_Mkoani

Marejesho ya namna ile hayawezekani Chukwani. Kodi ya mapato na ushuru wa forodha ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Baraza la Wawakilishi haliwezi kuandika kifungu kama kile. Tena hatuna kodi ya kaboni. Mnachokitaka ni nafuu ya tozo zilizomo ndani ya bei ya dizeli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayodhibiti huduma za maji na nishati. Kiiteni kwa jina lake, msije mkajibiwa kwa sentensi moja.

Msamaha wa pampuni nao una tundu. Mkulima wa Makwararani hununua dizeli kwa dumu, na dumu halina jina. Dizeli ya bei nafuu itaishia kwenye gari na boti. Mimi ningependekeza nafuu ipimwe kwa eka iliyolimwa na ipitie ada ya kulimiwa: bwana shamba athibitishe eka, mwenye pawatila au trekta alipwe kile kilichopunguzwa kwenye ada. Hapo mkulima asiye na risiti hata moja naye anafikiwa.

Mizani_Ole

Karafuu msiziingize kwenye ombi hili. Hukaushwa juani juu ya jamvi, dizeli hazili. Najua mtavutiwa na stakabadhi za ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu) kwa kuwa zina jina na uzito, lakini jina ni la aliyeuza. Mikarafuu ikikodishwa, nafuu itamwendea mkodi, si mwenye shamba. Kanada walilimaliza hilo kwa kumpa aliyebeba gharama. Andikeni wazi katika maoni yenu kwamba kwenye mpunga ni aliyelipia kulima, hata kama bonde si lake.