Heda (faili la `.h` linalotangaza kodi iliyoandikwa kwingine) haionekani wakati wa kujenga programu ya iPhone: mnaanza na njia ipi?

fundi_mdogo: Wakuu, nina mradi wa React Native (mfumo wa kuandika programu ya Android na iPhone kwa pamoja). Upande wa Android unajengeka vizuri, ila kwenye Xcode, programu ya Apple ya kujengea, unakwama na ujumbe `'React/RCTBridgeModule.h' file not found`. Wengine wanashauri nirudie `pod install` (amri ya CocoaPods, kisimamizi cha maktaba za iOS), wengine nifute DerivedData (mabaki ya ujenzi uliopita), wengine niongeze njia kwenye Header Search Paths (orodha ya folda ambamo Xcode hutafuta heda). Ipi ina uzito zaidi?

Bahati_K: Futa DerivedData. Folda iko `~/Library/Developer/Xcode/DerivedData`, na Xcode huiunda upya yenyewe. Utapoteza muda kidogo tu, kwa sababu ujenzi unaofuata unaanza mwanzo.

ZuhuraT: Kabla ya kufuta chochote, umefungua faili lipi? Mradi wenye CocoaPods hufunguliwa kwa `.xcworkspace`. Ukifungua `.xcodeproj`, Xcode haiujui mradi wa Pods, na heda za maktaba zote zinakuwa kama hazipo.

fundi_mdogo: Nimefungua `.xcworkspace`, dada. DerivedData nimefuta, hali ni ile ile.

Mzee_wa_Amri: Bahati, kufuta kunasaidia pale mradi uliokuwa ukijengeka umevurugika baada ya kubadili tawi la Git au kupandisha toleo. Kama heda haipo kwenye diski, ufute mara mia, haitatokea. Itafute kwanza:

`find node_modules/react-native -name RCTBridgeModule.h`

Isipopatikana, rudia `npm install`, kisha `pod install` ndani ya folda ya ios.

fundi_mdogo: Imepatikana: `node_modules/react-native/React/Base/RCTBridgeModule.h`

ZuhuraT: Itazame vizuri hiyo njia. Faili limo ndani ya `React/Base`, lakini kodi inaomba `React/RCTBridgeModule.h`. Ukiandika folda ya react-native kwa mkono kwenye Header Search Paths, bado hazitalingana. `pod install` ndiyo inayoweka viungo vya heda chini ya `Pods/Headers/Public`, na ndiyo maana mimi naipa nafasi ya kwanza. Njia ya mkono naiachia maktaba ya C au C++ uliyoiingiza mwenyewe bila podspec (faili linaloieleza maktaba kwa CocoaPods).

Mzee_wa_Amri: Naam. Na kwa Android, maktaba ya namna hiyo huandikiwa `target_include_directories` kwenye `CMakeLists.txt`. Sasa fundi, fungua ripoti nzima ya ujenzi, usiishie kwenye mstari mwekundu. Ni tageti ipi (sehemu ya mradi inayojengwa peke yake) inayoshindwa? Podfile, faili linaloorodhesha maktaba za CocoaPods, huhudumia tageti zilizotajwa ndani yake tu.

fundi_mdogo: Programu kuu inapita! Kinachoshindwa ni kiendelezi cha arifa, na hakimo kwenye Podfile. Faili la moduli yangu linaloomba heda hiyo limewekewa alama kwenye tageti zote mbili.

ZuhuraT: Kiendelezi kinaitumia hiyo moduli?

fundi_mdogo: Hapana.

ZuhuraT: Basi usiguse Podfile. Ondoa alama ya kiendelezi kwenye Target Membership (orodha ya tageti zinazolijenga faili) ya faili hilo, ujenge tena.

fundi_mdogo: Imejengeka. Asanteni sana.

Bahati_K: Hilo la kuangalia tageti nalichukua.