Ushauri: huu ubeti wa daraja niufute au niuache?

Dagaa_Mkavu:
Wakuu, habari zenu. Kila asubuhi nikishapitia vichwa vya habari kwenye meza ya magazeti hapa Buhongwa, natunga ubeti mmoja wa utani, naurusha kwenye grupu la mtaa. Juzi ilikuwa habari ya Daraja la Kigongo–Busisi, lililochukua nafasi ya kivuko ziwani, nikatupia huu:

*Foleni ya kivukoni, leo imeshatoweka,*
*Dakika nne garini, Busisi tumeshafika,*
*Mwenye mayai ndooni, hana gari la kusaka,*
*Chumvi bado mkononi, wateja wamechomoka.*

Watu wamecheka, ila mzee wetu mmoja kaja juu. Kwanza eti mizani (hesabu ya silabi) imepinda, pili namcheka mama wa watu aliyekosa riziki. Nifanyeje? Na nina mwingine unakuja, wa kivuko kuzima injini katikati ya maji.

Mjukuu_wa_Malenga:
Mzee hayuko sahihi kwenye mizani. Hesabu ukwapi (nusu ya kwanza) wa mshororo wa mwisho: chu-mvi-ba-do-m-ko-no-ni. Nane hizo. Ile "m" ya mkononi inahesabiwa, wengi wanaimeza.  Kwingine kote pia uko vizuri.

Shangazi_Igoma:
Mwanangu, huo wa kivuko uache kabisa. MV Bukoba ilizama Mei 1996, na makaburi ya wale watu tunapita nayo hapa Igoma kila siku. Halafu ikaja MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018. Kwenye grupu la Mwanza huwezi kujua nani alimpoteza nani. Hata kama injini imezima tu na wote wametoka salama, usitanie.

Konda_Mstaafu:
Kwa mama wa mayai napingana na mzee. Sisi tuliokaa foleni ile hadi masaa mawili jua linawaka, yale mayai ndiyo yalituokoa, na tukisoma ubeti huu tunamkumbuka kwa wema. Kosa lako ni hilo neno "kusaka", linamfanya aonekane kibaka. Tafuta lingine. Siku nyingine kicheke kichwa cha habari chenyewe. Gazeti likiandika "Kero ya maji kubaki historia", hapo mshairi umeletewa chakula mezani:

*Ziwa liko mlangoni, bombani hewa yatoka,*
*Madumu yako foleni, sato kwao wanacheka.*

Malizia mwenyewe.

Dagaa_Mkavu:
Shangazi, shikamoo, huo wa kivuko nimeshaufuta. Konda, "hana gari la kushika" inakaa?

Mjukuu_wa_Malenga:
Nane kamili. Ila rusha leo leo. Utani wa gazeti la jana hauchekeshi mtu, gazeti lenyewe limeshafungia maandazi.

Konda_Mstaafu:
Na hao sato utawamalizia lini?