Mchango wa dekoda ya Mama

*Kikundi: Ukoo wa Kisauni*

Dada Mwana: Asalaam aleikum jamii. Leo tarehe 3 na mpaka sa hivi mchango wa dekoda ya Mama umeingia wa mtu mmoja tu, na huyo mtu ni mimi. Inakatika kesho kutwa. Msingoje nianze kutaja majina

Athu Nairobi: Waaleikum salaam dada. Mwezi huu nimebanwa wallahi, karo imenikamua nimebaki ganda. Lakini nina swali na msinile mzima. Hivi Mama yuwatazama nini hasa kwa hio dekoda?

Nuru Doha: Nami hilo nilitaka kuuliza zamani nikaogopa kuitwa bahili

Kibibi: Mi ndo nakaa nae ngojeni niwaambie. Asubuhi haiwashwi. Saa saba taarifa ya mchana, Citizen. Alasiri yuwalala. Saa moja taarifa tena, kisha ile tamthilia yake hapo hata ukipiga simu hashiki, kisha saa tatu wajukuu wanyang'anyana rimoti. Ijumaa Horizon, ile chaneli ya Kiislamu. Basi. Mwaka mzima ni hivo

Athu Nairobi: Sasa hizo si zote ni chaneli za bure???

Dada Mwana: Bure vipi Athu na mwezi wa juzi tulipochelewa kulipa zilipotea zote na Citizen ikiwemo, Mama akakaa anasikiza redio kama enzi za Moi

Athu Nairobi: Mi huku kwangu sina dekoda mwaka wa pili huu. Antena tu. Citizen naona, NTV naona, KTN, K24, KBC, TV47, na nyingine tele sina hata haja nazo

Nuru Doha: Nairobi hio. Mombasa je?

Dada Mwana: Mjomba Shee uko? Wewe ndo fundi hapa

Mjomba Shee: Niko nawasoma tu. Nisikizeni wanangu maana hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Ile dekoda mnayolipia yachukua picha kwa setilaiti, lile dishi pale paani latazama juu mbinguni, na mkikosa kulipa mwenye mali afunga mlango mzima na Citizen imo ndani ya nyumba. Ndo mkadhani Citizen mwailipia. Lakini hio Citizen yenyewe yarushwa pia na mnara wa hapa hapa chini, upande wa Mazeras, yapita hewani juu ya vichwa vyenu usiku na mchana na hapana anaewadai hata peni. Yataka antena, na TV inayojua kuisoma. Hayo tu

Kibibi: Shikamoo mjomba. Kwa hivo lile dishi tuliunganishe kwa TV moja kwa moja tuachane na dekoda?

Mjomba Shee: Marahaba. La mwanangu, dishi halifanyi hio kazi kabisa. Dishi ni la setilaiti, mnara wataka antena ya vijiti ile ya UHF. Waya lakini mwaweza tumia ule ule uliotoka dishini ni mzuri kuliko huu unaouzwa mjini sasa, nitakata zile koki za kuzungusha nitie plagi ya TV. Hapo mmeokoa pesa ya waya

Nuru Doha: Mjomba mimi naogopa zile chenga za zamani. Mwakumbuka baba alikuwa atutuma juu ya mnazi kuzungusha antena yeye yuko chini apiga kelele "hapo hapo, rudisha!"

Mjomba Shee: Chenga zilikufa na analogi. Dijitali ama waona safi ama huoni kitu, hapo katikati ni picha kukatika vijisanduku na sauti kugugumia. Na mvua ikinyesha antena haijali, si kama dishi likiona wingu tu lasema hakuna mawimbi

Athu Nairobi: Mwakumbuka 2015? Februari hio, serikali ilipozima mitambo ya analogi, Citizen, NTV na KTN zikaenda zote mara moja mpaka Machi. Mama aliniuliza kama kumepinduliwa

Dada Mwana: Nakumbuka sana. Na ndo tukanunua lile dishi wakati ule ule kwa sababu ya hofu, kila mtu yuwaambiwa bila dekoda hutaona TV tena

Mjomba Shee: Na wengine walikuwa wameshanunua vile visanduku vya kwanza kwanza, maana Kenya ilianza na mtindo wa dijitali uitwao DVB-T mwaka 2009 kisha wakageuza wakasema ni DVB-T2, vile vya mwanzo vikawa vya kuwekea maua juu. Mimi nina viwili hapa Likoni mwenye kutaka aje

Feisal: Shikamooni wakubwa. Samahani naingilia. Na mpira jamani??

Dada Mwana: Nilijua tu huyu ataamka 😂

Feisal: Si kwa ubaya shangazi lakini Jumamosi na Jumapili pale kwa nyanya tunajaa watu kumi kutazama ligi ya Uingereza. Hio kwa antena iko?

Mjomba Shee: Haiko. Nisikufiche mjukuu wangu. Ligi ya Uingereza hapa ni ya kulipia. Bure utapata mara moja moja, kama Kombe la Dunia la 2022 KBC walionyesha baadhi ya mechi. Lakini Jumamosi ya kawaida la

Kibibi: Ngoja nitoe siri sasa. Kifurushi cha Mama kilikuwa kile kidogo. Kilipandishwa miaka kadhaa nyuma mtu akaniambia "Kibibi lipia kile kikubwa mwezi huu tu kuna mechi muhimu" na tangu hapo hakijawahi kushuka. Simtaji mtu

Feisal: 🙈

Nuru Doha: Subhanallah. Yaani mimi nafanya kazi kwenye joto la Qatar natuma pesa nikidhani namlipia mamangu taarifa ya habari kumbe namlipia Feisal Arsenal

Athu Nairobi: Na Arsenal yenyewe!

Feisal: Mjomba Athu hapo usiguse tafadhali

Dada Mwana: Hebu tuwe serious. Ni elfu tatu na ushee kila mwezi, tumelipa hivo miaka. Sisemi Mama asitazame, nasema alichokuwa akitazama kilikuwa chapita hewani siku zote hizo na hapana hata mmoja wetu aliyemuuliza watazama nini. Feisal na wenzako hapo Bakarani kuna banda la mpira mwaingia kwa hamsini, nendeni huko

Feisal: Sawa shangazi. Lakini nyanya hupenda tukija, ajua. Hutupikia mahamri

Kibibi: Hilo ni kweli sio uongo. Hulalamika kelele lakini wasipokuja auliza wako wapi

Dada Mwana: Basi njooni mule mahamri kisha muende bandani. Kibibi muulize Mama mwenyewe yuwaonaje, tusiamue juu ya kichwa chake

Kibibi: Yuko hapa ananisikiza. Amesema niandike vile vile anavyosema, haya: "Mimi dishi sikuagiza. Mlileta nyinyi. Rimoti ina vidude vingi mimi nikibonyeza kimoja kimakosa yaja Kihindi nakaa na Kihindi mpaka Kibibi arudi sokoni. Kama hio ya antena ni namba chache mimi nataka hio. Lakini nataka Makka siku za Hija, nataka kuona watu wakisimama Arafa."

Nuru Doha: Allah. Makka kwa antena itakuwepo mjomba?

Mjomba Shee: Moja kwa moja saa ishirini na nne la. Wale muonao wana Makka bure wana yale madishi makubwa ya wavu ya futi sita, hili lenu dogo halitoshi na pale lilipoelekezwa vitu vyote vimefungwa kufuli. Dishi kubwa ni gharama na ni upepo, kaskazi likivuma hapo Kisauni litaenda na mabati. Nionavyo mimi siku za Hija wekeni simu, YouTube yaonyesha Makka bure, yataka bando tu

Nuru Doha: Bando la Hija ni langu. Nimesema mbele ya mashahidi

Kibibi: Na watoto? Hawa wawili wangu bila katuni nyumba haikaliki

Athu Nairobi: Akili Kids! Hio ni ya bure na ni ya watoto mwanzo mwisho, ilianza 2020 wakati wa korona shule zimefungwa. Wangu ndo yawafundisha kuhesabu, na zipo na za Kiswahili humo humo. Kuliko hizo katuni za kupigana tu

Kibibi: Basi mi sina neno tena

Mjomba Shee: Sasa TV. Ile kubwa ya sebuleni ni ya mwaka gani? Kibibi nenda nyuma ya TV ama kwa lile boksi lake utazame kama pameandikwa DVB-T2. Iwe na ile 2 mwisho, usiniletee T peke yake

Kibibi: [picha] Hii hapa mjomba. DVB-T2/C/S2

Mjomba Shee: Maashallah. Hio haitaki kisanduku chochote, antena yaingia moja kwa moja. Na ile ya chumbani alioleta Nuru?

Kibibi: Ile ya Dubai imeandikwa PAL SECAM NTSC. Hamna DVB hata moja

Mjomba Shee: Hio ni analogi tupu. Ile yataka kisanduku chake cha T2, mjini wauza kama elfu mbili na kitu, cha kununua mara moja hakina malipo ya mwezi. Mwambieni mwenye duka "ya bure, isiyo na kadi", na muhakikishe haitaki kulipiwa, maana kuna zile za antena lakini ni za kampuni na zinataka kifurushi, mukinunua hizo mumerudi pale pale

Nuru Doha: Hio TV nilibeba kwa ndege nikalipia uzito wallahi 😭

Dada Mwana: Haya hesabu. Mchango wa mwezi huu hauendi kwa dekoda, unanunua antena, mlingoti na hicho kisanduku. Athu na Nuru tumeni kama kawaida. Mjomba lini?

Mjomba Shee: Jumamosi asubuhi inshallah, kabla jua halijawa kali. Feisal utakuja kupanda paa, wewe una mguu mwepesi na una deni

Feisal: Niko mjomba

*Jumamosi*

Kibibi: Wameshapanda. Mama amekaa chini ya mwembe atoa amri

Athu Nairobi: Mjomba umechukua antena yenye busta, kile cha kuzidisha nguvu za mawimbi?

Mjomba Shee: Sikuchukua. Kutoka hapa mpaka Mazeras si mbali, busta karibu na mnara yaharibu badala ya kusaidia, TV yapigiwa kelele masikioni. Tena busta yataka umeme kupitia kwa waya na TV nyingi hazitoi. Nimechukua ya aluminiamu sababu ya chumvi, zile za chuma hapa pwani mwaka haumalizi

Feisal: Nimeielekeza bara upande wa jua kutua, nimefuata za majirani zilivyolala. Skani imeanza

Kibibi: Imefika 100%. KBC iko! Akili Kids iko! Zahesabika chaneli thelathini na kitu. Lakini Citizen sioni. NTV pia. KTN pia

Dada Mwana: Jamani Citizen ndo Mama mwenyewe

Mjomba Shee: Tulieni. Wanaorusha si mmoja, kuna Signet ya KBC, PANG ya Wachina, na ADN ya hao Citizen, NTV na KTN. Kila mmoja ana masafa yake. Mukikosa hizo tatu pamoja ni kuwa ADN ndo haijashika, wala si TV mbovu. Ni lile ghorofa jipya la hapo mbele limekinga. Feisal inua mlingoti juu zaidi, funga kwa ule mti wa pili, kisha uzungushe kidogo kidogo mkono wa kulia, kila ukizungusha ungoje, dijitali ni mvivu kuitika

Athu Nairobi: "Hapo hapo, rudisha!" 😂😂

Nuru Doha: Wallahi nimelia. Baba angekuwepo

Kibibi: Mama amefanya hivo hivo sasa hivi, kasimama chini apiga kelele "rudisha rudisha". Skani ya pili yaenda... CITIZEN! NTV, KTN, Inooro, Ramogi. Horizon pia iko

Dada Mwana: Alhamdulillah. Kibibi panga zile anazozipenda zije namba za mwanzo, hizo nyingine zifiche asipotee. Citizen iwe 1

Kibibi: Nimepanga. 1 Citizen, 2 KBC, 3 Horizon, 4 Akili Kids, 5 NTV, 6 KTN. Nimembandikia karatasi nyuma ya rimoti kwa maandishi makubwa

Mjomba Shee: Na kila baada ya miezi miwili mitatu mupige skani tena, chaneli huongezeka na nyingine huhamishwa masafa. Ikipotea moja musikimbilie fundi, skani kwanza

Feisal: Mjomba dishi nilishushe niliuze?

Mjomba Shee: Liache. Kombe la Dunia likija mutalipia mwezi mmoja wenyewe muliotaka, mukimaliza mufunge

Dada Mwana: Wenyewe waliotaka. Hilo neno Feisal ulichukue. Na la mwisho, mwezi ujao hakuna tena mchango wa dekoda, nafunga daftari

Kibibi: Mama amesema niandike: "Hilo daftari lisifungwe. Hio elfu tatu mwaitoa miaka na hapana aliekufa. Tumeni ije tokeni ya stima na dawa ya presha. Dekoda ndo imekatwa, mimi sijakatwa."

Athu Nairobi: 😂😂😂 Sawa Mama

Nuru Doha: Labeka Mama

Dada Mwana: Haya mmesikia. Tarehe 3 kama kawaida, sitaki visingizio

Athu Nairobi: Na picha iko vipi Kibibi ukilinganisha na ile ya dishi?

Kibibi: Citizen ni safi kuliko hata ilivyokuwa. KTN yakata kidogo gari kubwa likipita hapa barabarani. Mjomba amesema atatia chuma kirefu zaidi wiki ijayo. Nawaaga, saa moja hii, taarifa yaanza na nimeambiwa niweke simu chini